Kuzungumza na mwathiriwa kabla hujakubaliana na mshtakiwa: mwongozo kwa kiongozi wa mashtaka

Wakili wa mshtakiwa amekukuta koridoni. Faili iko kwapani, sauti ameishusha: "Mteja wangu yuko tayari kukiri, ila si mauaji. Tupe kuua bila kukusudia, tumalize hii kesi." Wewe una mashahidi tisa kwenye orodha, wawili hawajaonekana tangu mwaka juzi, daktari aliyepasua maiti amehamishwa, na jaji ameshakuonya kwamba haahirishi tena. Moyoni umekubali. Umebakisha kumpigia mjane simu "umjulishe".

Hapo ndipo tunapoharibu. Simu ya namna hiyo nimewahi kuipiga mwenyewe nikiwa mgeni katika kazi hii. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mmeshamaliza?" Nikasema bado. Akasema, "Kama bado, mbona unaniambia kama mtu anayesoma tangazo?" Sikuwa na jibu, maana ukweli ni kwamba tulikuwa tumemaliza.

Nauandika mwongozo huu kwa kiongozi wa mashtaka anayeanza kazi Kenya. Wakili wa serikali wa Tanzania ataona mengi yanamhusu, na mwathiriwa akiusoma atajua cha kudai.

Sheria, kwa ufupi

Makubaliano ya kukiri kosa, yaani mshtakiwa akiri na wewe ushushe au upunguze mashtaka, yaliingizwa katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Kenya, Sura ya 75, kwa marekebisho ya 2008. Ni vifungu vya 137A hadi 137O. Cha kubandika ukutani ni 137D. Kinakutaka, kabla hujaingia makubaliano, ushauriane na afisa aliyepeleleza, utazame mazingira ya kosa, hali ya mshtakiwa na maslahi ya jamii, na umpe mwathiriwa au mwakilishi wake wa kisheria nafasi ya kukueleza maoni yake juu ya yaliyomo katika makubaliano, isipokuwa kama mazingira hayaruhusu. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 ikakaza fundo hilo katika kifungu cha 9: kutoa maoni katika makubaliano ya aina hii ni haki ya mwathiriwa.

Rudia kusoma hayo maneno "juu ya yaliyomo". Mtu hawezi kutoa maoni juu ya kitu ambacho hajaonyeshwa. Ukimwambia tu "kuna mazungumzo yanaendelea, una maoni gani?", hujatimiza kitu.

Tanzania ilifungua mlango huu mwaka 2019, kwa vifungu vya 194A na vinavyofuata vya Sheria yake ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Huko mwendesha mashtaka hushauriana na mwathirika au mpelelezi, pale mazingira yanaporuhusu. Hilo "au" ni dogo lakini mtu mvivu anaweza kupita humo na gari zima: atampigia mpelelezi, ataandika "nimeshauriana", basi. Ushauri wangu ni usilitumie hivyo. Mpelelezi anajua kosa lilivyotendeka, lakini yaliyofuata ndani ya nyumba ya aliyetendewa hana habari nayo.

Upande wa pili wa shilingi nao uujue, kwa sababu utaulizwa: mwathiriwa hana kura ya turufu. Ibara ya 157 ya Katiba ya Kenya inasema Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hahitaji idhini ya mtu yeyote kuanzisha kesi na haelekezwi na mtu wala mamlaka yoyote. Uamuzi ni wa ofisi yako. Kwa hiyo unachokwenda kumtaka mwathiriwa si kibali. Unakwenda kumsikiliza wakati ambapo anachosema bado kinaweza kubadilisha kitu. Ukienda mapema mno, huna cha kumwonyesha, na ukichelewa utakuwa unampelekea habari tu. Wakati wake ni pale ofa imeshaandikwa upande wa pili, na wewe bado hujasema ndiyo.

Hatua ya 1: hakikisha kesi yenyewe inaruhusiwa

Kifungu cha 137N kinayatoa nje makosa yote ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, pamoja na mauaji ya halaiki, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu. Wakili akija na ofa katika kesi ya unajisi, mjibu palepale kwamba haiwezekani, wala usimpigie mama wa mtoto kumuuliza anaonaje. Kule kumuuliza tu kutamfanya aamini kwamba jambo hilo linauzika, na kesho atafuatwa nyumbani na watu wenye bahasha. Tanzania pia imeyafungia makosa ya kingono yenye adhabu ya zaidi ya miaka 5 au yanayomhusu mtu wa chini ya miaka 18.

Hatua ya 2: mwathiriwa ni nani hasa?

Kesi ya wizi dukani au ya kupigwa mtu mzima haina taabu. Taabu iko kwenye kesi za kifo.

Marehemu ana mjane, ana mama mzazi, ana kaka watatu, na ana mjomba ambaye ndiye anayekuja kortini kila siku amevaa koti. Mjomba huyu anajua jina lako, anajua tarehe zote, na ndiye aliyekuachia namba ya simu. Ni rahisi sana kumchukua yeye kuwa "familia". Usikimbilie huko. Mimi nimeona mjomba akisema "sisi tumesamehe, mambo ya Mungu", na mjane aliyekuwa amekaa benchi la nyuma na mtoto mgongoni hakuwa hata amejua kuna kitu kinachosamehewa.

Kabla ya kikao, mwombe afisa wa upelelezi akuandikie karatasi moja: nani aliishi na marehemu, nani alimtegemea, watoto wangapi, nani anazungumza na nani na nani hazungumzi na nani. Kisha zungumza na mjane peke yake kwanza, na wazazi peke yao, halafu ndiyo kikao cha pamoja ikiwa wanataka. Hilo litakula nusu siku. Litakuokoa na aibu ya kusema mbele ya jaji "familia imekubali" huku mtu akinyanyuka nyuma na kusema, "Mheshimiwa, familia gani?"

Usichanganye makubaliano ya kukiri kosa na maridhiano ya koo. Watu wengi wanachanganya, na si ajabu: mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kukaa na kulipana ngamia na mbuzi kwa mila na dini yao. Uamuzi ule ulizua mjadala mkubwa, na mpaka leo wazee wanaukumbuka. Watakuja kwako wakidhani ndicho unachowaitia. Waambie mapema: katika jambo hili mshtakiwa anakiri, anahukumiwa, na anaadhibiwa. Kesi haifi.

Mwathiriwa akiwa na wakili wake, pitia kwa wakili huyo. Mahakama ya Juu ilieleza wazi mwaka 2020 kwamba mwathiriwa ana nafasi ya kushiriki kesi, hata kupitia wakili, ila hawezi kukuvua joho la uendeshaji mashtaka. Akiwa mtoto, zungumza na mzazi au mlezi, lakini kwanza jiulize kama mlezi huyo naye hafungamani na mshtakiwa. Kama ni kampuni au benki, barua inatosha, na hao watajibu haraka kuliko wote.

Hatua ya 3: simu ya kwanza

Simu hii ni ya kupanga kukutana, si ya kueleza ofa. Ifanye fupi. Kumbuka anayeipokea ameshapigiwa na matapeli wangapi wakijiita maafisa wa korti, wakimwambia atume pesa "faili isipotee". Kwa hiyo kwanza afisa wa upelelezi, ambaye anamjua kwa uso, amwambie kwamba utampigia. Kisha wewe:

"Shikamoo mama. Mimi ni kiongozi wa mashtaka katika kesi ya marehemu mzee wako, namba ya kesi unaijua, ile iliyo katika kadi aliyokupa afisa. Kuna jambo limejitokeza katika kesi na sheria inataka nikusikilize kabla sijaamua lolote. Sijaamua. Ningependa tuonane ofisini, siku unayoweza wewe. Hakuna malipo yoyote, na mtu yeyote akikuomba pesa kwa ajili ya kesi hii, nipigie. Unaweza kuja na mtu unayemwamini."

Hayo yanatosha. Akikubana ("jambo gani?"), mwambie kweli kwa sentensi moja: mshtakiwa ameomba kukiri kosa, lakini si lile aliloshtakiwa nalo, na hujamjibu. Usimfiche, maana usiku huo hatalala, na asubuhi atakuwa ameshaambiwa na jirani kwamba muuaji anaachiliwa.

Usimtumie ujumbe wa WhatsApp wenye masharti ya ofa. Ujumbe husambazwa, na mazungumzo haya yana ulinzi wa kisheria ambao wewe ndiwe mlinzi wake. Na usimpitishie chifu habari hiyo kama unaweza kumfikia mwenyewe. Chifu wengi ni watu wema, lakini kijiji ni kimoja, na huenda nyumba ya mshtakiwa iko hatua mia kutoka kwake.

Ikiwa hapatikani, andika kila jaribio kwenye faili: tarehe, saa, namba uliyopiga, nani alitumwa. "Mazingira hayaruhusu" ni maneno ya sheria, na siku ukiulizwa utaonyesha mazingira hayo kwa karatasi. Kupiga simu mara mbili jioni ya Ijumaa hakuhesabiki.

Hatua ya 4: kikao, na maneno yanayoumiza

Mahali kwanza. Isiwe koridoni, isiwe chini ya mwembe wa korti ambapo ndugu wa mshtakiwa wamekaa upande wa pili wakila njugu. Chumba chenye mlango, kiti cha mgeni kisiwe kifupi kuliko chako, na maji. Kama lugha yake ni Kigiriama, Kipokomo au Kisomali na Kiswahili chake ni cha sokoni, tafuta mkalimani ambaye si wa ukoo wa mwathiriwa wala wa mshtakiwa.

Sasa lugha yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipojifunza kwa machozi ya watu wengine.

Sisi tunasema "kuua bila kukusudia". Ni tafsiri ya kawaida, iko kwenye magazeti, iko kwenye redio. Msikie mjane anavyoisikia: *bila kukusudia*. Mume wake alipigwa panga mara tatu, na sasa serikali inamwambia kwamba yule mtu hakukusudia. Panga la kwanza labda, mwanangu, lakini la pili na la tatu? Mama mmoja aliniuliza hivyo hasa, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo usianze na jina la kosa. Anza na unachoweza kuthibitisha. Mwambie: "Ili mahakama iseme ni mauaji, lazima nionyeshe kwamba wakati ule alikuwa na nia ya kuua au ya kumjeruhi vibaya. Walikuwa wamelewa wote wawili, ugomvi ulianza palepale kilabuni, panga lilikuwa la mwenye kilabu. Aliyeona mwanzo wa ugomvi ni mtu mmoja, na hatumpati. Jaji akiwa na shaka juu ya nia hiyo, kosa linashuka hata bila makubaliano. Kosa hilo la chini sheria inaliita kuua bila kukusudia. Jina hilo halina maana kwamba ilikuwa ajali, wala halisemi mume wako alijitakia. Bado ni kuua, na kifungo cha juu kabisa ni maisha."

Maneno mengine ya kuchunga:

"Kosa dogo." Usilitamke kamwe. Kuna kosa lenye adhabu pungufu na kosa lenye adhabu kubwa zaidi. Kufiwa hakuna udogo.

"Tumekubaliana." Nani na nani? Kila akisikia "tu-" atataka kujua kama yeye yumo. Sema "wameomba" na "sijajibu".

"Ni kwa faida yako." Huenda ni kweli: hatasimama kizimbani kuhojiwa na wakili, kesi haitaburutwa miaka mingine mitatu. Lakini hilo aliseme yeye. Wewe mwambie tu kwamba kukiri kunaondoa haja ya ushahidi wake, kisha nyamaza uone analipokeaje. Wapo wanaoshusha pumzi. Wapo ambao wamesubiri miaka minne wapate siku ya kusema mbele ya watu alichofanyiwa, na wewe ndiyo kwanza umewaambia siku hiyo haipo.

Na neno la Kiingereza ambalo mawakili wanalirusharusha koridoni, "plea bargaining", ni lile lile la kupatana bei. Wanakesi wengi wanalijua kutoka sokoni. Hakuna anayetaka kusikia mtoto wake anapatanwa bei kama fungu la mchicha, kwa hiyo liache huko huko koridoni.

Halafu adhabu. Utaulizwa "atafungwa miaka mingapi?" kabla hujamaliza sentensi ya pili. Hapa viongozi wa mashtaka wengi huteleza kwa huruma: wanataja namba. Usitaje. Unachoweza kumwambia ni kwamba makubaliano yanahusu shtaka, na adhabu ni ya jaji. Kwamba unaweza kuomba adhabu fulani na jaji akatoa nyingine. Kwamba miaka aliyokaa rumande itazingatiwa. Akisema alitarajia kitanzi, mweleze taratibu: Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2017 hukumu ya kifo kwa mauaji si ya lazima tena. Wengine hawajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote, na wanapolinganisha ofa, wanailinganisha na kitu ambacho hakipo.

Mwambie pia kwamba jaji anaweza kuyakataa makubaliano. Yakikataliwa yanakufa, linaandikwa kana kwamba mshtakiwa amekana, na kesi inaweza kuanza upya mbele ya mahakama nyingine. Asipoambiwa mapema, siku hiyo ataona ni njama.

Hili la kukataliwa lina mkia. Mwathiriwa mara nyingi ni shahidi wako pia. Makubaliano yakivunjika atapanda kizimbani, na swali la kwanza la wakili litakuwa, "Mama, si ulikaa na kiongozi wa mashtaka mkazungumza?" Kwa hiyo ndani ya kikao hiki usizungumze naye ushahidi atakaotoa, usimsomee maelezo ya mashahidi wengine, na usimrudishie maneno aliyoyasema mshtakiwa wakati wa mazungumzo. Mweleze nguvu na udhaifu wa kesi kwa ujumla: nani hapatikani, ripoti gani haipo. Kaa na mtu wa pili ofisini, karani au mwenzako, aandike yaliyosemwa.

Hatua ya 5: uliza, kisha nyamaza

Maswali yenyewe si mengi. Ungependa mahakama ijue nini kuhusu kilichotokea kwako na nyumba yako tangu siku ile? Katika hii karatasi, ni lipi usiloweza kulivumilia? Kuna jambo ungependa liongezwe? Unaogopa kitu akitoka?

Swali hilo la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo limenipa majibu yenye kazi zaidi. Katika kesi moja ya kujeruhi, mwathiriwa hakujali miaka. Alitaka mshtakiwa, ambaye ni jirani, asipite tena njia ya kisimani. Hilo lilizungumzika, na hakuna mmoja wetu, si mimi wala wakili, ambaye angelifikiria.

Swali la "umeridhika?" liache. Linamlazimisha akubebee uamuzi wako. Akisema "fanyeni mnavyoona", usilichukue kuwa ndiyo. Huku kwetu mara nyingi maana yake ni kwamba amechoka, au kuna mtu chumbani ambaye hawezi kusema mbele yake.

Kisha mpe siku. Hakuna sababu ya mtu kuamua akiwa amekaa mbele yako huku matatu ya mwisho inaondoka saa tisa. Wiki moja ni ya heshima. Wakili wa upande wa pili atalalamika. Mwambie sheria ndiyo inayochelewesha.

Fidia

Kifungu cha 137A kinaruhusu makubaliano yawe na fidia au kurudisha mali, na kama kuna amri ya fidia, mlalamishi naye anatia saini. Saini hiyo ni zamu yako ya kulinda. Hakikisha kiasi kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, kwa awamu ngapi, tarehe zipi, kwa jina la nani, na kwamba pesa inapitia mahakamani. Kwenye kesi ya kifo uliza mapema ataipokea nani. Laki tatu zikitumwa kwa mjomba mwenye koti, mjane ataziona kwenye paa jipya la nyumba ya mjomba.

Mwathiriwa ajue kwamba kukataa pesa si kukataa makubaliano, na kupokea pesa si kusamehe. Wengi, hasa Waislamu wa Pwani na wa Kaskazini Mashariki, watakuuliza uhusiano wake na dia, ile fidia ya damu ambayo familia ya marehemu hulipwa kwa mujibu wa dini. Jibu la kweli ni kwamba fidia hii ni ya mahakama. Kama familia mbili zina la kwao la dini, hilo halikufungi wewe wala halimwachilii mshtakiwa.

Usikae kamwe kati ya familia mbili mkivutana bei. Kiongozi wa mashtaka aliyeonekana akihesabu pesa za watu, hata kwa nia njema, hana wa kumtetea.

Hatua ya 6: rudi kwake na jibu

Umeshaamua. Mpigie kabla ya kumpigia wakili, na kama umeamua kinyume na alivyotaka, mwite tena ofisini. Mweleze ulilosikia kutoka kwake kwa maneno yake mwenyewe, lipi umelichukua na lipi umeshindwa na kwa nini. "Ulisema hutaki kosa lishuke. Nimekusikia. Nimerudi kumtafuta yule shahidi, afisa alikwenda mpaka Tana River, hakupatikana. Bila yeye naogopa jaji atamwachilia kabisa. Nimeamua kukubali. Lakini lile la kwamba asirudi kukaa karibu na nyumba yenu nimelitaka liandikwe, na wamelikubali."

Atakasirika. Mwache. Hasira ya mtu aliyeambiwa ukweli usoni inapoa. Ile ya aliyesikia kwenye redio hukaa.

Hatua ya 7: siku yenyewe

Mtayarishe kwa vitu vitatu, maana vitamshtua. Mshtakiwa ataapishwa na kuulizwa maswali mengi na jaji juu ya haki anazoziacha, na kwa muda itaonekana kana kwamba korti nzima inamjali yeye tu. Wewe utasoma maelezo ya tukio kwa sauti, na majeraha yatatajwa moja moja. Akitaka kutoka nje wakati huo, atoke. Kisha wakili atasimama aombe huruma: ni kijana, ana watoto, ni tegemeo la mama yake mgonjwa. Hiyo ni kazi ya wakili na haina maana kwamba jaji amekubali.

Baada ya hapo ndipo maelezo ya mwathiriwa juu ya athari za kosa yanapoingia. Jaji anapaswa kuyazingatia anapopima adhabu. Msaidie kuyaandaa siku kadhaa kabla, lakini usimwandikie. Nimesoma maelezo ya aina hiyo yaliyojaa "kiwewe cha kisaikolojia" na "hasara isiyokadirika", na ukimwangalia mwenye saini unajua hajawahi kutamka maneno hayo. Linganisha na mama aliyesema kwamba tangu mwanawe afe bado anapakua sahani moja zaidi, halafu anairudisha sufuriani watoto wasione. Jaji aliweka kalamu chini.

Afisa wa probesheni naye huenda akatumwa na mahakama kuandaa ripoti kabla ya adhabu, na atawatembelea. Mwambie mwathiriwa mapema, ili nyumbani kwake wasidhani ni mtu wa upande wa pili.

Baada ya hukumu

Palepale nje ya chumba cha mahakama, mweleze kwa lugha ya kawaida adhabu iliyotolewa, na kwamba hukumu iliyotokana na makubaliano ni ya mwisho isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Mpe tarehe za fidia kwa maandishi na jina la karani wa kumfuata.

Kisha vielelezo. Kesi ikisikilizwa mpaka mwisho, suala la vielelezo lina mahali pake kwenye hukumu. Makubaliano yanakwenda mbio na watu hulisahau. Simu ya marehemu, pochi yake, baiskeli aliyokuwa nayo usiku ule vimekaa kituoni miaka minne, na huenda ndicho alichokuwa anataka kukuuliza tangu simu ya kwanza akaona haya. Omba amri ya kuvirudisha siku hiyohiyo, kabla jaji hajainuka, na umtume afisa aende naye stoo, kwa sababu akienda peke yake ataambiwa arudi Jumatatu.